UZI: Kupunguza uzito kabla ya upasuaji wa kukaza tumbo: ufikie wapi, na uache lini kupunguza

Wanajukwaa, salaam.

Kila unapojitokeza mjadala wa upasuaji wa kukaza tumbo, wachangiaji wengi huuliza kuhusu kovu na maumivu, ilhali swali linaloamua karibu kila kitu huulizwa mwishoni, tena kwa haraka: je, nipunguze uzito kwanza, au niende hivi hivi nilivyo? Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na wagonjwa wa aina hii hupita mikononi mwangu kabla na baada ya kupasuliwa, kwa hiyo nimeona suala hili linastahili uzi wake. Jibu langu ni kwamba upunguze kwanza, lakini lengo liwe kufikia uzito unaoweza kuishi nao bila kujitesa, na si kupata namba ya kufurahisha asubuhi ya siku ya upasuaji. Wengi huyachanganya mambo hayo mawili, na matatizo mengi ninayoyaona yanaanzia hapo.

Kwanza tuelewe upasuaji wenyewe unafanya nini. Daktari hukata ngozi chini kabisa ya tumbo, kutoka nyonga moja hadi nyingine, akainua ngozi pamoja na mafuta yaliyoshikana nayo mpaka karibu na mbavu, akaikaza kwa nyuzi ile misuli miwili ya mbele ambayo mara nyingi huwa imeachana katikati, hasa kwa waliozaa, kisha akaivuta ngozi kuelekea chini, akakata iliyozidi na kukitolea kitovu tundu jipya. Ukizifuata hatua hizo kwa makini utagundua kwamba mafuta yanayoondoka ni yale tu yaliyo kati ya ngozi na misuli. Yaliyo nyuma ya misuli, yanayozunguka utumbo, hayaguswi kabisa, na hata mashine ya kunyonya mafuta haiyafikii. Hayo huondoka kwa mwili kupungua uzito tu. Vilevile, kinachokatwa kwa mtu wa kawaida huwa ni kilo chache, kwa hiyo anayetarajia upasuaji huu umshushe uzito amebisha hodi kwenye mlango usio wake.

Ipo njia rahisi ya kujua mafuta yako mengi yamekaa wapi, na madaktari wenyewe huitumia. Lala chali mahali pagumu, legeza tumbo, kisha mwombe mtu akutazame kutoka ubavuni. Tumbo likishuka chini ya usawa wa mbavu, na ukabaki na ngozi laini unayoweza kuikusanya kwa vidole, basi sehemu kubwa ya tatizo lako iko nje, na upasuaji una cha kukusaidia. Lakini tumbo likibaki limeinuka juu ya mbavu, gumu, na vidole visipate cha kushika, basi tatizo liko ndani. Mtu wa namna hiyo akikazwa misuli, ni sawa na kulazimisha kufunga sanduku lililojaa kupita kiasi: ama halifungi, ama linafunga kwa muda kisha bawaba zinaachia.

Na madhara hayaishii kwenye umbo. Misuli inapokazwa juu ya tumbo lililojaa, shinikizo ndani ya tumbo hupanda, kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo husukumwa juu, na mgonjwa akiamka hupumua kwa shida, pumzi fupi fupi. Shinikizo hilohilo hubana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni, damu ikatembea polepole, na damu inayotembea polepole huganda. Bonge likiganda mguuni kisha likasafiri hadi kwenye mapafu, linaweza kuua. Miongoni mwa upasuaji unaofanywa kwa ajili ya umbo, huu wa tumbo ni kati ya ile yenye hatari kubwa zaidi ya damu kuganda, ndiyo maana tunawalazimisha wagonjwa kuinuka na kutembea mapema, hata kama wanatembea wameinama na wanatununia.

Sasa tuje kwenye namba. Madaktari wengi wa upasuaji huu hupenda BMI ya mgonjwa iwe chini ya 30, na wapo wanaokubali hadi 35 kutegemea afya yake kwa ujumla. BMI hupatikana kwa kugawanya uzito kwa kilo na urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye urefu wa mita 1.62 na kilo 84 ana BMI ya 32, na ili awe chini ya 30 anapaswa kufika kwenye kilo 78 hivi, yaani apunguze takribani kilo sita. Nimeandika hesabu hiyo kwa makusudi, kwa sababu wengi hudhani wanadaiwa kilo ishirini au thelathini, wakakata tamaa kabla ya kuanza. Hata hivyo BMI haioni mafuta yamekaa wapi, kwa hiyo pima na kiuno. Shirika la Afya Duniani huhesabu kiuno kinachozidi sentimita 88 kwa mwanamke, au sentimita 102 kwa mwanamume, kuwa dalili ya hatari kubwa ya magonjwa yanayoambatana na unene. Kwa anayejiandaa na upasuaji huu, kiuno kinachopungua mwezi hadi mwezi kina habari njema zaidi kuliko mizani.

Sababu nyingine ni kidonda. Mafuta yana mishipa michache ya damu kuliko misuli, na kidonda hupona kwa damu. Kadiri tabaka la mafuta linavyokuwa nene, ndivyo kingo za kidonda zinavyoelekea kuachana, majimaji yanavyojikusanya chini ya ngozi, na maambukizi yanavyopata nafasi. Kujaa majimaji ndilo tatizo tunalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote, na ndiyo sababu wagonjwa wengi hutoka chumba cha upasuaji wakiwa na mirija ya kuyatolea nje.

Baada ya kufikia uzito unaoutaka, usikimbilie kupanga tarehe. Kaa nao. Madaktari wengi hutaka uzito uwe umetulia kwa miezi mitatu hadi sita, na binafsi ningechagua sita. Ukipasuliwa huku bado unashuka, kilo kumi zitakazoondoka baadaye zitakuachia tena ngozi inayoning'inia, na kovu utakuwa umeshalipata. Ukipasuliwa ukiwa umejibana kwa njaa, kilo zitarudi mara tu utakapolegeza, zinyooshe ngozi iliyokazwa na kuongeza mafuta yaleyale ya ndani. Miezi hiyo ya kusubiri ndiyo inayoonyesha kama chakula unachokula na mazoezi unayofanya ni maisha yako ya kila siku au ni mbio za kuwahi tarehe.

Kuhusu namna ya kupunguza sitaandika mengi, maana nyuzi za mada hiyo zimejaa kila mahali. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo unaotosha. Protini isipungue hata kama chakula kingine kinapungua, na mazoezi ya kubeba uzito yawemo, ili kinachoondoka kiwe mafuta na si misuli. Kutembea kila siku kuna faida ya ziada kwa mgonjwa wa upasuaji, kwa sababu mapafu na miguu iliyozoea kazi ndiyo itakayomwinua kitandani siku ya kwanza.

Ninalotaka kulisisitiza zaidi ni wiki za mwisho. Kupunguza kunapaswa kukoma kabla ya upasuaji, na wiki zinazotangulia siku yenyewe ziwe za kula chakula cha kutosha na kamili. Mwili ulio na njaa huvunja akiba yake, na mwili unaovunja hauwezi wakati huohuo kujenga vizuri kidonda kinachotoka nyonga hadi nyonga. Kidonda hicho kinahitaji protini, madini ya chuma, zinki na vitamini C. Kwa mgonjwa wa upasuaji, kiwango cha protini kinachopendekezwa sana ni gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isipokuwa kwa mwenye maradhi ya figo, ambaye lazima aongozwe na daktari wake.

Kinyume chake ndicho ninachokiona. Mgonjwa anafika akiwa na furaha, anapanda mizani mbele yetu, anatuonyesha kwamba amepungua kilo kadhaa tangu alipoonwa kliniki. Midomo imekauka, mshipa wa kuwekea sindano hauonekani hata mkono ukifungwa mpira, mapigo ya moyo yanakwenda mbio hali amekaa kitako. Majibu ya maabara yanarudi na potasiamu imeshuka. Ukimuuliza taratibu anakiri kwamba alikuwa akitumia dawa za kuharisha, au vidonge vya kukojoza, au chai ya kupunguza mwili. Alichopunguza ni maji na chumvi za mwili, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake akiwa kwenye usingizi wa upasuaji. Daktari wa usingizi anaahirisha, na ana haki ya kuahirisha.

Hizo chai na vidonge vya mitaani niziseme wazi. Sibutramini ni dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwa moyo na mishipa ya damu, lakini imeendelea kukutwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kwa jina la mitishamba ya kupunguza mwili, bila kuandikwa kwenye kopo. Hupandisha shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Mtaalamu wa usingizi hawezi kujikinga na kitu asichokijua, na wewe mwenyewe hukijui.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji #2

Ahsante sana dada muuguzi kwa uzi huu. Mimi nimezaa watoto watatu, BMI yangu ni 26, lakini nikisimama naonekana mjamzito wa miezi mitano. Nikijaribu kuinuka kutoka kitandani, katikati ya tumbo panatokeza mstari uliovimba kuanzia kifuani hadi kitovuni. Nimejinyima chakula hadi uso umesinyaa, ila tumbo liko palepale. Je, nipunguze zaidi?

Mleta uzi

Hapana, mama. Maelezo yako yanaelekea zaidi kwenye misuli iliyoachana kuliko kwenye mafuta, ingawa daktari akikupima atathibitisha, na pia ataangalia kama hakuna ngiri iliyojificha hapo. Misuli ikiachana hairudishwi na njaa. Acha kujinyima, rudisha mwili wako katika hali nzuri, na kwa sasa epuka mazoezi yanayofanya ule mstari utokeze, hasa ya kulala chali na kuinua kichwa na mabega kwa nguvu. Muone mtaalamu wa fiziotherapia, kwani wapo wanaopata nafuu ya kutosha kwa mazoezi wasihitaji kukatwa. Halafu jiulize jambo moja kabla ya yote: umemaliza kuzaa? Mimba baada ya upasuaji huu inawezekana na mara nyingi huenda salama, ila itanyoosha tena kilichokazwa. Kama bado unanyonyesha, subiri mpaka uache na miezi kadhaa ipite.

Mchangiaji #3

Mimi naona uzi huu unawatisha watu bure. Shangazi yangu alifanyiwa akiwa na BMI ya 33, akakaa hospitali, akatoka, na leo anavaa anachotaka. Hizo namba ni za kwenye vitabu tu.

Mleta uzi

Mkuu, namshukuru Mungu kwa ajili ya shangazi, na sina shaka na unachokisema. Nimeeleza kwamba wapo madaktari wanaokubali hadi 35. Hatari ikiongezeka haimaanishi kwamba kila mtu itampata, bali kwamba kati ya wengi watakaokwenda hivyo, watakaorudi na kidonda kilichofunguka watakuwa zaidi. Mjomba wa mwingine hataandika hapa kwa sababu hakuna anayependa kusimulia miezi ya kubadilishiwa bandeji. Nikuongezee jambo linalowafaa wenye uzito mkubwa: kwa mtu mwenye ngozi inayoning'inia hadi mapajani, inayotoa vidonda na harufu kwenye mikunjo na kumzuia kutembea, ipo njia nyingine ya kukata ile ngozi peke yake bila kukaza misuli. Hiyo hufanywa kwa sababu za afya, na masharti yake ya uzito huwa tofauti. Hatari za kidonda zipo pia, wakati mwingine kubwa zaidi, lakini mizani ya faida na madhara hubadilika kwa mtu anayeteseka kila siku.

Mchangiaji #4

Natumia sindano ya kila wiki ya kupunguza uzito, nimeshuka vizuri na BMI yangu imekaribia 29. Je, niendelee nayo mpaka siku ya upasuaji?

Mleta uzi

Swali muhimu sana hili. Dawa kama semaglutaidi na tirzepataidi huchelewesha chakula kutoka tumboni. Kanuni ya kawaida ni kutokula chakula kwa angalau saa sita kabla ya usingizi, na vinywaji visivyo na maziwa wala makapi kuruhusiwa hadi saa mbili kabla, lakini anayetumia sindano hizi anaweza kufuata kanuni hiyo kwa uaminifu na bado akakutwa na chakula tumboni. Kikipanda na kuingia kwenye mapafu akiwa amelala, ni hatari kubwa. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri sindano ya kila wiki isimamishwe wiki moja kabla. Mwaka 2024 ushauri mpya wa vyama kadhaa vya huko ulilegeza, ukasema wengi wanaweza kuendelea ikiwa hali ya kila mgonjwa itapimwa kipekee, na wenye hatari zaidi watumie vyakula vya majimaji tu saa 24 za mwisho. Kwa hiyo usiamue mwenyewe kuacha wala kuendelea. Mweleze daktari wa usingizi mapema jina la dawa, dozi, siku uliyochoma mara ya mwisho, na kama unapata kichefuchefu au tumbo kujaa.

Hilo ni la siku yenyewe. La muda mrefu ni kwamba wengi wakiiacha sindano hamu ya kula hurudi na uzito hupanda, kwa hiyo uzito wako utahesabika kuwa umetulia pale tu utakapokuwa na mpango unaojulikana wa kuendelea na dawa au kuishi bila hiyo. Na kwa kuwa hamu ya kula huwa ndogo mno, angalia protini yako mara mbili.

Mchangiaji #5

Na sisi tuliopunguzwa mfuko wa chakula kwa upasuaji? Mwaka haujatimia, nimeshuka sana, ngozi inanitesa.

Mleta uzi

Vumilia kidogo, ndugu yangu. Kwa kawaida husubiriwa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu tangu upasuaji ule, na uzito uwe umesimama. Wakati ukisubiri omba upimwe wingi wa damu, akiba ya chuma, vitamini B12, vitamini D na protini ya damu, kwani kundi lenu ndilo linalopungukiwa zaidi, na upungufu huchukua miezi kurekebishwa. Mikunjo ikaushwe vizuri baada ya kuoga, na ukiona wekundu unaowasha tafuta tiba mapema, maana ngozi yenye maambukizi haikatwi.

Mchangiaji #6

Mimi ni mvutaji wa sigara. Nikiacha, nanenepa, nimeshajaribu. Sasa si bora niendelee kuvuta mpaka nipasuliwe, uzito usipande?

Mleta uzi

Hapana, kaka. Ningelazimika kuchagua, ningempokea aliyeongezeka kilo tatu kwa kuacha sigara kuliko mwembamba anayevuta. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyoinuliwa kutoka kwenye misuli yake inategemea mishipa hiyohiyo midogo. Ikikosa damu hubadilika rangi, ikawa ya kijivu kisha nyeusi, hasa katikati chini ya kitovu, na hapo tunazungumzia ngozi iliyokufa na kidonda cha wazi. Acha angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Sigara za kielektroniki, na hata bandiko na ubani wa kutafuna wenye nikotini, zina nikotini ileile, kwa hiyo mweleze daktari unachotumia. Wapo wanaopima mkojo, na wakikuta nikotini wanaahirisha.

Mchangiaji #7

Nimepangiwa upasuaji wiki tatu zijazo. Daktari alinipa lengo, bado nina kilo sita. Nikibana sana naweza kufika?

Mleta uzi

Kilo sita kwa wiki tatu zitakuwa za maji na misuli, si za mafuta unayotakiwa kuyaondoa. Piga simu kliniki wiki hii, usisubiri siku ya kulazwa. Sema uzito wako wa leo jinsi ulivyo, uliza kama daktari yuko tayari kukupasua kwa uzito huo au angependa kusogeza tarehe. Akikubali, anza leo kula vizuri. Akisogeza, omba miezi na si wiki, ili utakapofika uwe umefika na kutulia. Wagonjwa wa sukari waulize pia kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kwani madaktari wengi hawapendi kupasua kikiwa juu ya asilimia 8, wengine hutaka kiwe chini ya 7.

Utakapokwenda kumwona, beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na virutubisho, vidonge vya vitunguu saumu, mafuta ya samaki, aspirini, dawa za uzazi wa mpango na ile chai. Baadhi huongeza kutoka damu, nyingine huongeza kuganda, na daktari atakuambia ipi isimamishwe na lini. Usisimamishe dawa ya moyo, sukari au shinikizo la damu kabla hajaiona.